Maharage ya Gredi ya Kwanza

Sifael alikuja kusafisha maharage amevaa koti jeupe. Nasema koti jeupe lile la daktari, refu mpaka magotini, lenye mfuko kifuani, na mfukoni kalamu mbili na rula. Hapo ni Olmotonyi, uani kwangu, kati ya banda la kuku na tangi la maji. Kuku wenyewe walimpisha njia.

"Madamu," nikamwambia, "mgonjwa yuko wapi?"

"Mama Lilian, usianze."

"Nisianze nini? Nauliza ili tujue. Tukuletee chai, au tukuletee kipimo cha presha?"

Alitoa rula akaiweka mezani, akaisogeza mpaka ikalingana na ukingo wa meza, kisha akatutazama kama mtu aliyefika kukagua choo cha shule.

Mimi na Sifael tunajuana. Miaka saba nilisimama mbele ya meza ya chuma kwenye pakihausi moja kule bondeni, walikokuwa wanafungasha mboga za kupanda ndege kwenda Ulaya. Mimi nilikata ncha za maharage membamba, na Sifael alipita nyuma yetu mikono mgongoni. Supavaiza. Haragwe likipinda hata kama nyusi ya binti, rijekti. Likizidi unene wa nusu sentimita, rijekti. Siku moja alinirudishia kreti nzima kwa sababu ya haragwe moja lenye doa, na doa lenyewe lilikuwa kivuli cha kidole chake. Rijekti tulibeba nyumbani kwenye vikapu. Nimelea watoto wawili kwa rijekti za Wazungu, na wamekua warefu, wamenyooka, hata rula ya Sifael ingewapitisha.

Halafu asubuhi moja tulikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Kampuni imefilisika, mwenyewe amepanda ndege kama haragwe. Sisi tulirudi nyumbani na ndala zetu. Sifael alirudi na koti.

Tangu hapo hakuna kitu kinachopita Olmotonyi bila kupimwa. Mandazi ya msibani aliyapanga kwa ukubwa. Kwenye mnada wa mavuno kanisani alizitoa karoti za mchungaji mstari wa mbele akaziweka nyuma, kwa kuwa zilikuwa na miguu miwili. Mchungaji alicheka. Sisi tusio na kola nyeupe tulinyamaza, maana Sifael ni binti wa Mzee Saruni, na Mzee Saruni ndiye mgawa zamu za maji ya mfereji. Ukimcheka binti hadharani, shamba lako linapata maji baada ya mvua.

Maharage yenyewe yalikuwa ya Namelok, mke wa Lemomo, mdogo wake Sifael. Lemomo ni mlinzi Dar es Salaam. Nyumbani huja Krismasi, hukaa wiki, huacha redio na mimba, huondoka. Mzee Saruni alimpa Namelok kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, kidogo tu, apande mboga. Namelok akapanda kitu ambacho hakuna aliyekijua: maharage ya kutambaa, mbegu kubwa za zambarau zenye madoa meusi, kiganja kimoja alichopewa alipokuwa kibarua kwenye shamba la mbegu. Yakapanda uzio, yakapanda nguzo, yakataka kupanda na mgomba wa jirani. Maua mekundu. Kisha yakaja maganda mapana, ya kijani, yanakwaruza kidole kama ulimi wa paka.

"Hayo yanaliwa mbegu au ganda?" Mzee Saruni aliuliza.

"Ganda, baba," Namelok akajibu, macho chini.

"Sisi watu tunakula haragwe. Nguo za haragwe wanakula mbuzi."

Akawa ameshakata vipande vya mabingobingo vya kupanda, amevirundika kando ya banda la ng'ombe, vinangoja. Zamu yake ya maji ilikuwa Jumamosi. Akasema wazi, mbele ya watu: kama ikifika Jumamosi hajatokea mtu mwenye akili timamu anayeyataka hayo maganda, anang'oa uzio, anapanda majani ya ng'ombe, na Namelok atarudi kuomba mchicha kwa majirani. Neno la Mzee Saruni halina kona.

Mtu mwenye akili timamu alikuwa Bibi Kuldip wa Kijenge. Singasinga, mzaliwa wa hapa hapa Arusha, miaka sabini na tisa, ana jiko la kupikia maofisi chakula cha mchana. Namelok aligonga geti lake akiwa na fungu la maharage kwenye ndoo. Bibi akachukua. Wiki iliyofuata akachukua tena. Wiki ya tatu akamwambia: "Haya nayataka mwaka mzima. Kiangazi hamna, sasa lazima yagandishwe. Yachemshwe kidogo, yatiwe kwenye barafu, yafungwe, yakae kwenye friza. Ijumaa nakuja kwenu kuonja. Yakiwa mazuri nakuandikia karatasi, mpelekee huyo baba mkwe wako aisome."

Friza kwa upande wetu ipo moja, na ni yangu. Nauza barafu za ukwaju na samaki wa kugandisha pale njia panda. Namelok alikuja Jumatatu, akanisalimia mara mbili, nikajua ana shida.

"Shikamoo mama. Za asubuhi mama."

"Marahaba. Sema, usinimalizie shikamoo zote."

Akasema. Nikakubali. Tukapanga Jumatano. Na hapo, kabla hatujaachana, akaongeza kwa sauti ndogo: "Wifi amesema atakuja kusimamia."

Nikacheka mpaka mteja wa samaki akageuka.

Ndiyo hiyo Jumatano. Sifael alituamuru tunawe mikono mara tatu. Akatuvua hereni. Akatufunga vichwa kwa mifuko, mimi nikapata uliokuwa na mkate, makombo yakanishuka shingoni siku nzima. Namelok alikuwa amechuma ndoo nne tangu alfajiri, umande bado unatiririka, vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni.

"Sasa," Sifael akasema, akanyanyua rula. "Lililonyooka, kuanzia sentimita kumi na nane kwenda juu, beseni la bluu. Lililopinda, fupi, jembamba, kwenye gunia. Hiyo ni rijekti."

Namelok alishika haragwe moja dogo, limejikunja kama mkia wa mjusi. "Wifi, haya madogo ndiyo laini. Haya marefu yameanza kukomaa, nilitaka…"

"Wifi, wewe umefanya kazi pakihausi miaka mingapi?"

"Sijafanya, wifi."

"Mimi kumi na moja."

Basi. Gunia likaanza kujaa. Kila haragwe bichi, changa, linalokatika *tak* ukilikunja, lilikwenda kwenye gunia kwa sababu lilizaliwa na mgongo. Yale marefu, magumu, yenye uvimbe wa mbegu ndani kama mfuko wenye sarafu, yalilala kwenye beseni la bluu, yamenyooka kama askari wa gwaride. Sifael aliyatazama kwa mapenzi. Sijawahi kumwona akimtazama mumewe hivyo, Mungu amrehemu.

Namelok akaanza kuyasafisha. Alivunja ncha, akavuta, uzi ukatoka kutoka kichwani mpaka mkiani, mrefu, mgumu. Haragwe la kutambaa lina uzi kila upande, kushoto na kulia, kama mshono wa suruali.

"Unafanya nini?" Sifael akauliza.

"Natoa uzi, wifi."

"Uzi gani? Nimepeleka maharage Ulaya miaka kumi na moja, sijaona haragwe lenye uzi. Unalichana tu, umbo linaharibika. Kata ncha, acha."

Namelok alinitazama.

Nami nilijua. Yale ya pakihausi yalikuwa aina nyingine, membamba, yasiyo na uzi. Haya ya Namelok nilishawahi kuyala kwake, nyuzi zimetolewa, nikaomba tena. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Sifael, acha autoe," tungebishana dakika tano, tungemaliza.

Nikatazama kisu changu.

Nilitaka Ijumaa ifike. Niliiona Ijumaa inakuja kama mtu anavyoona sinia la pilau linatoka jikoni: Bibi Kuldip anatafuna, Sifael ndani ya koti lake, rula mfukoni. Kreti zote alizonirudishia miaka saba zingelipwa kwa tonge moja. Nikakata ncha, nikaacha uzi, nikaimba na wimbo wa kanisa.

Saa saba Mzee Saruni alipita na fimbo yake. Tukamwamkia. Akatazama gunia lililojaa.

"Hilo la nani?"

"Rijekti, baba," Sifael akajibu. "La kutupa."

"Kutupa!" Akafurahi waziwazi, akaliinua mwenyewe, mzee wa miaka ile. "Namelok, leo nimekubali. Maharage yako yamefaa." Akaondoka nalo kwenda bandani, na kabla hajaliinua nilikuwa nimeshajichotea makonzi mawili kwenye khanga. Mtu aliyelea kwa rijekti hawezi kuiona rijekti inapita hivihivi.

Sasa kusema kweli, kuchemsha Sifael alichemsha vizuri. Haki yake nampa. Maji yalichemka kwelikweli ndipo akatia, machache machache, simu mkononi anahesabu dakika mbili, anaopoa kwa chujio, anatupa kwenye beseni la maji ya barafu. Maharage yakawa kijani cha kung'aa, kijani cha bendera. Akayakausha kwa kitambaa, akayajaza kwenye vifuko, akaubana mfuko kuutoa upepo, akafunga. Juu ya kila kifuko akaandika tarehe kwa kalamu, na chini yake: GREDI 1. Vifuko ishirini na viwili vikalala kwenye friza yangu, vichwa vya sato vikavichungulia kila upande.

"Umeona kazi?" akaniambia.

"Nimeona, madamu. Hata samaki wameona aibu."

Jioni nilipika yale makonzi mawili. Nilitoa nyuzi, nikayakata mshazari, kitunguu, nyanya moja, kijiko cha mafuta ya ng'ombe. Nikala na ugali wa moto, peke yangu, mlango wazi. Namelok alikuja kuchukua beseni lake. Alisimama mlangoni kidogo, akanitakia usiku mwema, akaenda.

Ijumaa saa nne Bibi Kuldip alifika, anaendesha mwenyewe gari lake la kijivu, kichwa hakionekani, inaonekana shungi tu juu ya usukani. Alishuka na karai lake, bizari yake na mwiko wake, kama fundi anayejua kwamba vifaa vya watu vina laana.

"Shikamoo bibi," tukasema wote.

"Marahaba. Jiko liko wapi? Ofisi za watu zinanisubiri."

Mzee Saruni aliletewa kiti. Alikaa na fimbo katikati ya magoti, mtazamaji wa mechi anayejua matokeo. Namelok alisimama nyuma ya tangi, mikono ndani ya khanga. Sifael alivaa koti. Alikuwa amelipiga pasi.

Mafuta yakapata moto, bizari nzima ikalia, kitunguu, kisha kifuko kizima cha GREDI 1 kikamwagwa bado kimeganda. Mvuke ukapanda. Sifael naye akapanda.

"Bibi, haya ni sentimita kumi na nane mpaka ishirini na mbili. Yote yamenyooka. Doa hakuna. Ulaya wanalipia…"

"Mama," Bibi Kuldip akasema bila kugeuka, "mimi nakula kwa meno, rula sina."

Akafunika, akafunua, akachota kwenye sahani, akaweka kinywani.

Akatafuna. Tukangoja. Akatafuna tena. Akahamisha upande wa pili. Jogoo akawika, akanyamaza, yeye bado anatafuna. Kisha akaingiza vidole viwili mdomoni akavuta. Ukatoka uzi. Ukaendelea kutoka. Akaunyoosha mbele ya macho yake, akaupeleka kwenye mwanga.

"Hii," akasema, "ni mboga au kamba ya kufungia ndama?"

Mzee Saruni alikohoa kwa raha.

Sifael alishika rula mfukoni. "Bibi, labda ni mbegu… Wifi alichuma yaliyokomaa. Mimi nilipokea tu kutoka shambani."

Hapo ndipo sinia la pilau liliponifikia. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibaraza. "Madamu!" nikasema. "Madamu Gredi Wani! Ng'ombe wa baba wamekula gredi ya kwanza, na bibi wa watu umemlisha rijekti! Na umeiandika tarehe!"

Nilidhani watacheka nami. Bibi Kuldip alikuwa anafuta mwiko wake kwa kitambaa. Mzee Saruni aliinuka, akagonga fimbo chini.

"Nimeona," akasema. "Kesho maji ni yangu. Mama, karibu tena Olmotonyi, siku nyingine tutakupa maziwa." Akageuka kwenda zake.

"Mama Lilian," Namelok akasema.

Alikuwa ametoka nyuma ya tangi. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile mbele ya baba mkwe wake, wala yeye mwenyewe nadhani hakuwahi kujisikia.

"Ulijua?"

"Ai, Namelok. Nani hajui kwamba yana uzi? Ni huyu tu na koti lake."

"Wifi hakujua," akasema. "Ya pakihausi yalikuwa hayana. Mimi nilijua, nikamwogopa. Wewe ulijua, na humwogopi mtu." Akavuta pumzi. "Juzi ulipika yale madogo. Nyuzi ulizitupa jivuni, niliziona. Ulikaa ukala, ukaacha shamba langu liende, ili upate kucheka."

Nimepigwa maneno mengi maishani. Nimefukuzwa kazi, nimefukuzwa chumba, nimeachwa na mwanamume stendi na mabegi yote manne. Kila mara nilipata la kujibu. Pale uani kwangu, mbele ya kuku wangu, niliokota kifuko kitupu cha GREDI 1 nikaanza kukikunja.

Namelok hakuningoja. Alimgeukia Bibi Kuldip. "Bibi, usiondoke. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini? Nina masufuria motoni Kijenge."

"Uzio uko pale. Kuna ya leo, sijayachuma. Nitayachuma mbele yako."

Bibi Kuldip akatazama viatu vyake vya raba. Akatazama tope. "Mbali?"

"Ukivuka mfereji tu."

"Nishike mkono basi. Nikianguka, mifupa yangu haigandishwi."

Wakaenda, na Mzee Saruni akawafuata nyuma, kwa sababu mtu akitembeza ujinga wake unapenda kuona utafika wapi. Sifael akafuata. Mimi nikafuata wa mwisho, na hakuna aliyeniambia karibu.

Kwenye uzio Namelok alikuwa mtu mwingine. Mikono ilienda yenyewe ndani ya majani. Alishika yaliyofikia urefu wa kiganja tu, akayakunja moja moja. Lililokatika *tak* liliingia kwenye khanga, lililopinda bila kukatika aliliacha likomae liwe mbegu. Yaliyojikunja, yaliyonyooka, hakuuliza. Bibi Kuldip alichuma upande wake kwa haraka ya mtu aliyezoea, anaongea peke yake Kipunjabi, sijui anayatukana au anayasifu.

Wakakaa kwenye ukingo wa mfereji kuyasafisha. Kisha Sifael akafanya jambo lililonikera mpaka leo. Aliokota haragwe, akalivunja ncha, akaona uzi unaning'inia. Alilishika hivyo muda mrefu. Nilingoja ajitetee, ataje Ulaya, ataje miaka kumi na moja. Ningempokea.

Akachuchumaa kwenye tope, koti na pindo lake vyote chini, akauliza: "Wifi, unaanzia kichwani au mkiani?"

"Kichwani, wifi. Vuta taratibu. Halafu geuza upande wa pili."

Akavuta taratibu. Akageuza. Nilitafuta neno la kumchokoza, nikapekua kila mahali, nikakosa. Ilikuwa hasara kubwa.

Tuliporudi uani kwangu, Bibi Kuldip alipika mara ya pili. Safari hii Namelok aliyachemsha dakika mbili, akayatia kwenye barafu, akayatoa, ndipo karai. Bibi alionja akiwa amesimama. Akaonja tena. Akavuta kigoda akakaa, akajiwekea sahani kamili, akala mpaka mwisho, akafuta sahani kwa kidole. Masufuria ya Kijenge yakawa ya nani tena hatujui.

"Anakula kweli?" Mzee Saruni akaniuliza kwa chini.

"Anakula, baba."

"Hapewi kitu ili ale?"

"Hapewi."

Karatasi iliandikwa juu ya boneti ya gari. Kila Alhamisi, kilo sita, msimu wote, yaliyochumwa na Namelok na yaliyotolewa nyuzi. Kisha Bibi Kuldip akainua kalamu akanitazama mimi. "Lakini friza ya samaki sitaki. Kijenge nina mbili, safi. Yachemshwe hapa, yaletwe kwenye ndoo ya barafu, nitayagandisha mwenyewe. Mimi sipikii maofisi maharage ya sato."

Nikasema sawa, bibi. Ningesema nini?

Mzee Saruni aliisoma karatasi polepole, mdomo unacheza. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wake wa ndani, akafunga kifungo. Alitazama uzio kwa muda.

"Majani nitayapanda kule juu, kwenye mawe," akasema, akimwambia mfereji zaidi ya mtu. "Ardhi hii imeshachoshwa na mikunde." Halafu, alipofika mbali kidogo: "Lakini mimi siyali!"

Hakuna aliyemlazimisha.

Alhamisi iliyofuata, saa moja asubuhi, nilifungua duka nikawaona ng'ambo ya njia, uani kwa Namelok. Yeye na Sifael, ndoo katikati, mafiga yanawaka. Sifael hakuwa na koti. Alikuwa na sweta la zambarau lililotoboka kiwiko, anavuta nyuzi, na kwa jinsi ninavyomjua alikuwa ameshamwambia Namelok mara ishirini jinsi ya kupanga ndoo. Nikauza samaki wawili. Nikauza barafu moja, kwa mlevi. Nikapanga chupa. Nikazipangua.

Mwishowe nikachukua kisu changu na kigoda changu, nikavuka.

"Hodi."

Sifael alianza kufungua kinywa, nikajua ananiandalia kitu, na kwa mara ya kwanza kilikuwa haki yake. Namelok akamtangulia.

"Mama Lilian. Umekuja kucheka au umekuja kufanya kazi?"

"Vyote," nikasema. "Kimoja siwezi bila kingine. Nimezaliwa hivyo."

Alinitazama. Akatazama maharage, ndoo tatu nzima, na jua linapanda. Akanyoosha kidole upande wa pili wa mafiga, kule upepo wa mlima unakopeleka moshi wote.

"Basi kaa kule."

Nikakaa kule. Macho yakaanza kunitoka machozi kabla sijavuta uzi wa kwanza.

"Unalia, Mama Lilian?" Sifael akauliza, kwa utamu ambao sikujua kama anao.

"Ni moshi, mwanaharamu wewe."

"Aa. Nilidhani presha. Nikuletee kipimo?"

Namelok ndiye aliyecheka wa kwanza.